Nchi Iliyoridhika Isipokuwa Mwalimu Shamte

Kuna nchi ambayo jina lake lilipelekwa kufanyiwa ukarabati na mpaka leo halijarudi, kwa hiyo wenyewe huiita nchi hii, na sisi tutaiita nchi ile. Haiko mbali. Ukitoka mlangoni asubuhi ukakuta bomba limezinduliwa kwa ngoma na utepe, na maji hakuna, ujue umekaribia mpakani.

Wananchi wa nchi ile hupenda sana kupiga picha. Si kazi yao, ni mapenzi tu ya jioni na siku za mapumziko, na serikali haina ugomvi na mapenzi hayo mradi yaridhishe. Yote yalianza siku Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alipozawadiwa kamera na mgeni fulani, akatoka uani kwake na kumpiga picha ng'ombe. Picha ilipotoka, ng'ombe hakuwamo. Ulikuwamo ukuta, ndoo, na ncha ya mkia unaoondoka. Mheshimiwa Mlezi aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Nimeridhika." Waliokuwapo nao wakaridhika pale pale, mmoja baada ya mwingine kwa kufuata vyeo, na kabla ya jua kuzama ilikuwapo Wizara ya Kuridhika, yenye waziri, manaibu wake, na jengo ambalo asubuhi ya siku ile lilikuwa bado hospitali ya macho.

Kiwanda cha taifa kikaiga kamera ile ya Mheshimiwa na kuitengeneza kwa wingi. Iliitwa Jicho la Umma. Ni nzito, ya kijivu, na hutema picha yake yenyewe kwa mdomo ulio chini. Ni kamera nzuri kwa kila hali, ila ukiibonyeza haipigi. Inafikiri kwanza. Inafikiri kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto, na kukiwa na mawingu inafikiri zaidi. Kisha inatoa mlio mmoja mkavu na kupiga picha ya chochote kilichobaki mbele yake. Miaka ya mwanzo albamu za nchi ile zilijaa viti. Harusi zilionyesha mazulia, na keki za watoto zilipigwa zikiwa zimeshaliwa. Watu walipoanza kunung'unika, Wizara ilitoa ufafanuzi kwamba kamera haichelewi hata kidogo, ila wananchi ndio wana haraka.

Ndipo ikawekwa sheria ya kuganda. Yeyote anayetazamwa na Jicho la Umma asitikisike mpaka asikie mlio. Watu walilalamika wiki moja, wakazoea. Siku hizi mtu akiinua tu mikono usawa wa uso, hata kama anapenga kamasi, barabara nzima inaganda. Bibi harusi anaganda, na shehe naye anaganda na dua mdomoni. Mwizi akipita mbele ya kamera anaganda, na wanaomkimbiza wanaganda nyuma yake, kisha mlio ukisikika wanaendelea walipoishia. Kwa hiyo katika picha zote za nchi ile nyuso ni za namna moja, nyuso za watu waliosubiri mno. Mgeni akizitazama hudhani taifa zima limetoka msibani. Wenyewe ukiwauliza, wanasema wameridhika.

Mwalimu Shamte Kilindo alifundisha jiografia mpaka alipostaafu, kwa ramani ambayo nchi yake haikuandikwa jina. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kushuka, na mtaani walimheshimu kwa sababu hakuwahi kumwomba mtu chochote. Kamera yake aliitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kitu kimoja tu alikitaka kutoka kwenye kamera ile, nacho ni picha ya mkewe akicheka.

Bi Mgeni hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Lakini akicheka, kicheko huanzia mabegani, kisha jicho la kushoto hufumba lote, kisha kichwa huenda nyuma, na sauti ndiyo huja mwisho. Akimaliza hufuta jicho kwa ncha ya kanga, na uso unarudi kuwa uso wa mtu anayechagua mchele. Mwalimu aliupenda mwendo huo wote, kuanzia mabega mpaka kanga, na aliupenda tangu kabla hawajaoana. Kila alipobonyeza, Jicho la Umma lilifikiri, na kwa kuwa kicheko hakijui kuganda, mlio ulikuja wakati kanga imeshapita. Droo yake ilijaa picha za Bi Mgeni akiwa ametoka kucheka. Mara nyingine alibonyeza mapema, akamwomba acheke.

"Nicheke nini, Baba Tunu?" Bi Mgeni alimuuliza. Tunu ni binti yao, ameolewa mbali. "Kicheko hakiitwi kama kuku."

Basi akawa anangoja. Angengoja bila wasiwasi, kama si daktari. Mwaka mmoja Bi Mgeni alianza kuishiwa pumzi kwa kutoka jikoni mpaka ukumbini, na daktari alipompima hakusema moyo unaumwa. Alisema umechoka. Katika nchi ile kuchoka hakuhesabiwi ugonjwa, kwa hiyo hakukuwa na dawa yake. Alimshauri apumzike, asipande ngazi, na asicheke sana. Tangu siku hiyo Mwalimu Shamte aliogopa. Aliogopa akiwa ameshika kikombe na akiwa anafunga viatu, na hakumwambia mtu.

Kila Jumamosi alikwenda kwenye Chama cha Wapiga Picha wa Ridhaa, katika ukumbi uliokuwa shule ya awali, wanachama wakikaa kwenye viti vya watoto magoti yakiwa kifuani. Hakuna aliyekuja na picha. Walikuja na vifaa. Mwenyekiti, Bwana Ndembo, alikuwa na lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia, ambayo hakuwahi kuivua kifuniko kwa sababu kifuniko kikivuliwa vumbi litaingia. Picha zake zote zilikuwa nyeusi, na aliridhika nazo kupita wanachama wote, maana alisema hazina kasoro hata moja unayoweza kuiona. Bibi Chausiku yeye alikuwa na stendi ya miguu mitatu iliyotoka ng'ambo. Aliilaza kitandani, na yeye na mumewe walilala chini. Walizungumza juu ya mikanda, mikoba, vitambaa vya kufutia, na vitambaa vya kuwekea vitambaa vya kufutia. Mwalimu Shamte aliwapenda, ingawa walimchosha. Hakuwa na la kuongeza.

"Wewe shida yako unatazama picha," Bwana Ndembo alimwambia siku moja, kwa upole kabisa. "Mtu akitazama picha lazima atakosa raha. Tazama kamera, Mwalimu. Shika, sikia uzito."

Kila mwaka huwa na Wiki ya Kuridhika. Mpiga picha huja mbele ya kamati ya wilaya ameshika picha yake, na kamati inamuuliza kama ameridhika. Kamati haitazami picha, maana hiyo si kazi yake. Inatazama uso wa mwenye picha. Akiridhika, picha hugongwa muhuri katikati, pale kwenye uso wa mtu kama kuna mtu, na kupelekwa Jumba la Picha la Taifa, ambako zote hutundikwa zikiwa zimeelekea ukutani ili zisichujuke kwa kutazamwa. Asiporidhika, picha hurudi naye nyumbani, iwe aibu yake mwenyewe, na ni marufuku kumwonyesha jirani.

Mwalimu Shamte alikuwa akijibu "Bado" kila mwaka. Hakujibu kwa ukaidi. Aliulizwa, akasema kweli. Kamati ya zamani ilikuwa ya wazee wenzake, na "bado" yake waliipokea kama namna ya kuridhika inayokuja polepole. Lakini mwaka ule Mheshimiwa Waziri wa Kuridhika alikuwa amewaalika wageni kutoka nchi zenye majina, waje washuhudie taifa la kwanza duniani ambalo wapiga picha wake wote wameridhika na picha zao na vifaa vyao, moja kwa moja na kwa kudumu. Akatoa agizo jipya. Anayeridhika, kamera yake itastaafishwa kwa heshima, kwa kuwa mtu aliyeridhika hana sababu ya kupiga picha nyingine. Asiyeridhika, kamera yake itachukuliwa pia, kwa kuwa Jicho la Umma haliwezi kukosea, na kama picha hairidhishi basi mwenye mkono huo si mpiga picha. Watu walipiga makofi kwa sababu agizo lilikuwa na pande mbili.

Wilaya baada ya wilaya ikaridhika. Bwana Ndembo aliridhika huku akilia, akaiaga lenzi yake ikiwa na kifuniko. Ilipofika zamu ya Mwalimu Shamte, aliyemuuliza alikuwa Bi Nambua, Afisa Mridhishaji wa Wilaya, mama wa makamo aliyesomea nyuso na aliyesemekana kujua mtu ameshiba au ana njaa kwa kutazama nyusi zake.

"Umeridhika, Mwalimu?"

Mwalimu aliitazama picha aliyokuja nayo. Bi Mgeni, kanga, jicho lililokwisha kufutwa. "Bado, mama," alisema. "Bado kidogo."

Bi Nambua alishusha pumzi. Alikuwa amesimama tangu asubuhi. "Mwalimu, nchi nzima imebaki wewe peke yako. Sema basi, twende nyumbani."

"Nikisema nitakuwa nimedanganya."

"Sikukuuliza hilo," alisema Bi Nambua, lakini bila ukali, na habari ikapelekwa juu.

Juu walishtuka. Ulifanyika mkutano, ukafanyika mkutano wa kueleza mkutano ule, na ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa Waziri aende mwenyewe nyumbani kwa mwananchi huyo, amruhusu apige picha moja ya mwisho mbele ya macho ya serikali, aridhike, mambo yaishe. Siku hiyo mtaa ulifagiwa. Nyumba zilipakwa chokaa upande unaoonekana. Mifugo yote iliondolewa, isipokuwa mbuzi wa Diwani, ambaye hakupatikana mtu mwenye mamlaka ya kumhamisha. Bi Mgeni aliwekewa kiti kizuri barazani, kilichoazimwa mahakamani.

"Baba Tunu," alinong'ona, "watu wote hawa wamekuja kuniona mimi nimekaa?"

"Wamekuja kuniona nimeridhika."

"Na utaridhika?"

Mwalimu alifuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Alijua kwamba kwa vyovyote itakavyokuwa, jioni ule msumari wa mlangoni utabaki mtupu, na kwamba hii moja ndiyo ya mwisho. Alijua pia kwamba mkewe hawezi kucheka mbele ya askari, na kwamba atampiga picha ya mwisho akiwa na uso wa kusubiri, kama watu wote wa nchi ile. Alitamani kukaa chini.

Mheshimiwa Waziri, Dakta Dakta Lugembe, alifika na hotuba mkononi. Alikuwa mtu mpana, mwenye viatu vya kung'aa, na alisema atasimama pembeni ya mama, aingie katika picha, ili kizazi kijacho kijue kuridhika kulisimamiwa na nani. Akatoa ishara. Mwalimu akabonyeza. Jicho la Umma likaanza kufikiri.

Kilichofuata hakikuwa kosa la mtu. Mheshimiwa alikuwa tayari ameshaanza. "Wananchi wenzangu," alisema, ameinua mkono wenye hotuba, "tulikotoka, mtu alikuwa akitazama picha yake na kuona aibu. Leo, kwa juhudi za makusudi, mtu hatazami kabisa," na hapo akakumbuka kwamba kamera imeshabonyezwa. Akaganda, mkono juu, mdomo wazi, maana sheria aliisaini mwenyewe na haikumsamehe mtu. Wasaidizi wakaganda. Askari wakaganda, na bendi ikaganda na tarumbeta midomoni.

Mbuzi wa Diwani hakuwa ameisoma sheria. Alipanda barazani bila haraka, akamzunguka Mheshimiwa, akanusa viatu, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, akaegemea tumbo la serikali kwa kwato za mbele, na kuanza kula hotuba. Aliivuta ukurasa kwa ukurasa. Alitafuna sehemu ya utangulizi, akatafuna mafanikio, akapumzika kidogo, akaingia kwenye changamoto. Hakuna aliyesogea. Macho ya Mheshimiwa yalimfuata mbuzi kwa pembeni, kisha yakamtazama Msaidizi Mkuu kwa hasira, na Msaidizi Mkuu akayatazama mawingu. Mbuzi alipofika kwenye hitimisho alikohoa.

Mabega ya Bi Mgeni yakaanza. Mwalimu aliyaona kupitia kioo cha kamera, akadhani macho yanamdanganya. Bi Mgeni alijizuia, masikini, alibana midomo, alikumbuka daktari. Kisha jicho la kushoto likafumba lote, kichwa kikaenda nyuma, na sauti ikatoka, na ndani ya sauti hiyo Jicho la Umma, lililokuwa linafikiri tangu utangulizi, likatoa mlio wake.

Watu wote wakatikisika kwa pamoja. Mbuzi alifukuzwa kwa heshima zote anazostahili. Mheshimiwa alifuta mate kwenye mkono, akatafuta hotuba, akakuta kipande cha pembeni. "Na kadhalika," alisema, na bendi ikapiga.

Kamera ikatema picha. Mwalimu Shamte aliishika kifuani akaipepea, na rangi zikaanza kupanda, kwanza kijivu, kisha kanga, kisha mkewe. Ilikuwa yenyewe. Mabega, jicho, kichwa, kila kitu kilikuwamo, na kando yake, kwa uwazi ambao kiwanda cha taifa hakijawahi kuufikia tena, Waziri wa Kuridhika mdomo wazi na mbuzi amemkumbatia.

Aliridhika. Ni neno dogo kwa kilichompata. Kitu kilimpanda kutoka miguuni, cha moto, na alitaka kuketi pale kwenye vumbi alie. Miaka yote ile, na hii hapa.

"Haya, Mwalimu," alisema Mheshimiwa. "Taifa linakusikiliza. Umeridhika?"

Ndipo alipokumbuka muhuri. Utagongwa katikati, juu ya jicho lililofumba. Kisha ukutani, uso kwa uso na saruji, mpaka mwisho wa dunia. Bi Nambua alikuwa ameshasogea, amesimama mbele yake karibu kabisa, anamsoma uso. Mwalimu hakujua kudanganya. Alikuwa hajajifunza, na sasa alitakiwa ajue kwa ghafla, kwa uso mzima. Basi akamtazama mkewe pale kitini. Bi Mgeni alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa ameshika kifua, anatafuta pumzi, midomo imepauka, na anamtabasamia ili asiogope. Mwalimu Shamte akaogopa, na hofu ikafunika kila kitu.

"Bado," alisema.

Bi Nambua aliendelea kumtazama. Alitazama nyusi, akatazama pembe za midomo, akatazama mkono ulioibana picha kifuani kama mtu anayezuia damu. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Miguu ilikuwa inamuuma, na nyumbani kwake pia kulikuwa na picha ambazo hakuna aliyewahi kumuuliza habari zake.

"Hajaridhika, Mheshimiwa," alisema. "Nimemsoma. Hata chembe."

Mheshimiwa Waziri alikunja uso, kisha akakunjua, kwa sababu Msaidizi Mkuu alikuwa ameshamnong'oneza. Asiyeridhika si mpiga picha. Asiye mpiga picha hahesabiwi miongoni mwa wapiga picha. Kwa hiyo wapiga picha wote wa nchi ile wameridhika. Jioni redio ilitangaza hivyo hivyo, na wageni kutoka nchi zenye majina walipiga makofi, wakapewa vinyago.

Kamera iliondoka kwenye gari la bendi. Picha, kwa mujibu wa sheria, ilibaki kwa mwenyewe, iwe aibu yake.

Kesho yake asubuhi Bi Mgeni alikuwa amepata nafuu kidogo, ameegemea mto, na Mwalimu alimletea chai. Alimpa picha. Bi Mgeni aliisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ndiyo uliyokuwa unaitafuta siku zote?"

"Ndiyo hii, Mama Tunu."

"Mbona pengo langu lote liko nje? Na jicho limekwenda wapi?" Aliitazama tena, amekunja uso. "Hapana. Hii mimi sijaridhika nayo. Nipige nyingine."

Mwalimu aligeuka kuutazama msumari wa mlangoni. Bi Mgeni naye aliutazama, akakumbuka. Walikuwa wamechoka wote wawili, hakuna wa kumfariji mwenzake. Kisha macho ya Bi Mgeni yakarudi kwenye picha, yakampita yeye mwenyewe, yakafika kwa mbuzi.

Mabega yakaanza.

"Usicheke, mke wangu," alisema Mwalimu. "Daktari amekataza."

Lakini jicho la kushoto lilikuwa limeshafumba. Mwalimu Shamte, amesimama kando ya kitanda na kikombe mkononi, aliganda. Hakupepesa. Alimtazama kichwa kikienda nyuma, akasikia sauti ikija, akaona kanga ikipanda na kufuta jicho, na yeye bado amesimama vile vile anangoja mlio, chai inapoa mkononi.